Ukoo Niliouhesabu kwa Ng'ombe

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nalisema mapema ili asitokee wa kunicheka baadaye. Lakini ukisimama Ibighi, hapa Tukuyu, leo ukauliza ni nani wa kwanza kujenga nyumba ya tofali za kuchoma bila kuwa mwalimu, karani wala mchungaji, utaonyeshwa kwangu. Nilianza na msumeno. Ujana wangu wote ulikwenda kwenye msitu wa mlima Rungwe, mwenzangu amesimama juu ya gogo, mimi chini shimoni, unga wa mbao ukinimwagikia machoni. Kutoka kwenye mbao nikaingia kwenye ndizi, na kutoka kwenye ndizi nikanunua lori kuukuu la Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga biashara, nikalifufua kwa mikono hii. Uhuru ulipokuja lilikuwa tayari linapanda Mbeya na kurudi. Siku ya sherehe nilibeba watu waliokuwa wakiimba mpaka springi ikakatika, na sikumtoza mtu.

Miaka ile nilikuwa na msemo wangu: "Mimi hakuna aliyenipa hata mbegu." Niliusema dukani, niliusema kilabuni, niliusema kwenye misiba ya watu. Niliwahi kuusema Kisiba, uani kwa baba yangu, mbele yake, na yeye akaendelea kumenya ndizi kama mtu ambaye hakusikia. Nikikumbuka vile vidole vyake vilivyokuwa vinamenya, nakosa pa kuweka uso. Alikuwa anajua nilichopewa, na nilipewa na nani, akaniacha nijisifu.

Yaliyonipata yalianzia barazani kwa jirani yangu. Huyu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja Tukuyu na bidhaa kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Sisi wawili tulikuwa watani. Duka langu na baraza lake vilitazamana, kwa hiyo mvua ikinyesha, nako kwetu mvua hainyeshi bali inahamia, tulikaa kwake tukisemana mpaka kukauke.

Siku moja akaniambia mbele ya wateja, "Wewe Mnyakyusa una lori, una mabati, na sasa una tumbo. Hebu taja babu zako."

Nikamtaja baba. Nikamtaja babu. Baba wa babu nikamtaja kwa mashaka, maana sikuwa na hakika kama lile lilikuwa jina lake au jina la kijiji alichotoka.

"Umeishia hapo?" akauliza. "Hata mbuzi wangu ana babu wengi kuliko wewe."

"Mbuzi wako ulimnunua juzi Mwakaleli."

"Na aliyeniuzia alinitajia mama yake."

Watu wakacheka. Kisha yeye akavua miwani, akaanza kutaja wa kwake, fulani bin fulani bin fulani, akirudi nyuma mpaka kwenye watu waliokufa kabla Mjerumani hajaonekana katika milima hii. Alikuwa akitaja kama mtu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani. Mimi mwenye lori nilikaa nikitazama viatu vyangu.

Tena ulikuwa wakati wa Azimio, ambapo mtu mwenye duka lake alitazamwa kwa jicho la pembeni. Vijana wa Chama walikuwa wakiniita kupe, kwa utani lakini si utani mtupu. Mmoja wao alikuwa pale barazani akishonewa suruali, akasema, "Kupe atakuwaje na ukoo? Kupe ana ng'ombe tu." Neno hilo lilinichoma kuliko yote. Nikasema nitautafuta ukoo wangu, nitautaja pale pale barazani, tena kwa sauti.

Sasa, mtu wa darasa la pili anatafutaje ukoo? Wasomi wana vitabu vyao. Sisi tuna ng'ombe. Kwetu mtu anaweza kusahau jina la baba wa babu yake, lakini hasahau ng'ombe aliyemwoa bibi yake. Ng'ombe wa mahari anaingia katika banda la watu na anabaki na habari zake: huyu alikuja kwa ajili ya binti fulani, akazaa yule mwekundu, mwekundu akapelekwa kule kumwolea kaka, akazaa wale wawili waliochinjwa msibani. Nyuma ya kila ng'ombe kuna mwanamke, na nyuma ya mwanamke kuna nyumba ya watu. Ukiwafuata ng'ombe kurudi nyuma, unawakuta babu zako wamesimama mmoja mmoja wameshika kamba. Nilijiona nina akili kuliko yule fundi na majina yake.

Nikaanza kwenda Kisiba kila Jumapili. Baba alikuwa mzee lakini kichwa chake kizima, na mwanzoni alifurahi. Miaka mingi nilikuwa nafika pale kama mpita njia, naacha sukari na chumvi, nageuza lori. Sasa nilikuwa nakaa. Tulikaa mlangoni mwa nyumba ndefu ya mianzi ambamo watu hulala upande huu na ng'ombe upande ule, na yeye akinisimulia. Weusi walikuja kwa ajili ya shangazi yangu. Wekundu walikuwa wa bibi, nao walitoka mbali, bondeni kuelekea ziwa Nyasa. Kila rangi alinipa na nyumba yake na watu wake. Mimi nilikuwa nikikariri njia nzima ya kurudi, huku nimeshika usukani.

Wakabaki wa kijivu. Katika banda la baba ukoo wa kijivu haukukatika tangu nipate akili. Mimi nilikulia kwenye maziwa yao. Mahari ya mke wangu ilitoka kwao, mitamba waliotolewa humo humo. Na kichwani mwangu nilijua wametoka wapi: ni zawadi ya wajomba zangu, ndugu za mama, walimpa baba kwa kuwa walimpenda. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nilijitungia utotoni kama watoto wanavyojitungia mambo, na watu wazima waliniacha nikae nalo.

"Na hawa wa kijivu, tata?" nikamwuliza baba.

"Wa kijivu ni wa kijivu."

"Najua. Wa kwanza alitoka wapi?"

"Alitoka njiani, akaja." Akachukua fimbo yake. "Kafunike gari lako, mvua inakuja."

Mvua kweli ilikuwa inakuja, kwa hiyo nikaondoka. Njiani nikasema moyoni mzee ameanza kusahau, masikini. Hivyo ndivyo nilivyomdhania mtu ambaye hakuwahi kusahau chochote.

Kwa kuwa nilikuwa na haraka ya barazani, nikaamua kwenda moja kwa moja kwa wajomba, ng'ambo ya ziwa Kisiba. Mama alikwisha kufariki zamani, lakini kaka zake wawili walikuwa hai. Nilikwenda siku waliyokuwa wamekusanyika kulima shamba la mmoja wao, watu wengi, vyungu vya pombe vimetoka. Mimi pombe sinywi, ila hotuba nazipenda. Nikasimama katikati na koti langu, nikasema nimekuja kuwashukuru wajomba zangu kwa ng'ombe wa kijivu waliyempa baba kwa ajili ya mama yangu, ng'ombe aliyenikuza, aliyeniolea mke, na kama si yeye nisingekuwa hapa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mjomba mkubwa akaweka kikombe chake chini taratibu. Mwanamke mmoja nyuma akatoa kicheko, akazibwa mdomo na mwenzake.

"Mwana wa dada," mjomba akasema, "sisi hatukumtoa ng'ombe huyo. Kwetu binti akitoka, ng'ombe huingia. Hawatoki naye."

"Basi alitoka wapi?"

"Ulipofika hapa ulimpita shangazi yako njiani. Rudi ukamwulize yeye. Sisi tunalima."

Nilimkuta shangazi, dada wa baba, kwenye migomba yake akikata majani ya kuwalisha mifugo. Aliposikia nilivyosimama mbele ya watu nikashukuru, alikaa chini pale pale kwenye majani mabichi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yale machozi yakabaki na kicheko kikaondoka.

"Umewashukuru wajomba zako kwa ugoni wa mama yako," akasema. "Hivyo ndivyo vichwa vyenu vya mjini."

Akanieleza bila kuzunguka. Baba alipokuwa kijana, karibu tu baada ya kuoa, alikwenda Chunya kwenye dhahabu pamoja na vijana wengine wa huku. Alikaa huko misimu na misimu. Mama akabaki. Ukatokea msiba mkubwa, watu wakaja kutoka kila upande kulia na kucheza ngoma ya msiba kama ilivyokuwa desturi, na katika waliokuja alikuwemo mtu wa Kyimo, wa nyumba ya malafyale, yaani chifu wa kule. Si malafyale mwenyewe, ila mtu wa nyumba yake. Baba aliporudi kutoka Chunya alimkuta mama ana tumbo ambalo hakuna hesabu ingeweza kulileta kwake.

"Wazee wote walimwambia amrudishe kwao na adai ng'ombe zake," shangazi akasema. "Hata mimi nilimwambia, Mungu anisamehe. Kaka yangu akasema, 'Nilikwenda kutafuta dhahabu sikuipata. Nimerudi nimekuta mtoto. Mnataka nitupe na huyo?' Kesi ikasikilizwa, mtu wa Kyimo akatoa mtamba wa kijivu, faini ya ugoni. Kaka akampokea. Ikaisha. Na mama yako hakusikia neno hilo tena katika nyumba ile mpaka tunamzika."

"Kwa hiyo mimi ni wa nani?"

Alinitazama kama nimeuliza maji yanatoka wapi. "Wewe ni wa mwenye ng'ombe waliomwoa mama yako. Kuna kuuliza hapo? Beba haya majani unipeleke nyumbani."

Mtu mwenye akili angetoka kwa shangazi akaenda kwa baba, akae naye bila kusema kitu. Ni mwendo mfupi, migomba mitupu. Mimi nilipita. Nilipita na lori langu mbele ya ua wake, nikapiga honi kama kawaida, na wakati napiga honi nilikuwa nawaza neno moja: malafyale. Naona haya kuliandika, lakini nilifurahi. Serikali ilikwisha kuwaondoa machifu, kiti cha malafyale kilikuwa hakinunui hata kibiriti, lakini mimi nilijiona nimepata babu wa kumzimisha fundi cherehani. Mama yangu, faini, tumbo, Chunya, yote hayo niliyaruka kama mtu anayeruka dimbwi ili asichafue viatu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kyimo. Nilivaa koti, nikachukua sukari na shuka jipya. Nyuma ya lori walikuwa wamepanda akina mama wenye ndizi zao, wanaorudi na wanaokwenda, kama kila siku. Nikasimamisha gari karibu na nyumba niliyoelekezwa, nikawaambia wanisubiri kidogo.

Nilitegemea nini sijui. Niliikuta nyumba imeegemea miti ya kuizuia isianguke. Yule mtu wa Kyimo alikwisha kufa, kaburi lake liko kando ya kahawa na magugu yameota. Aliyetoka kunipokea alikuwa mwanawe, mkulima, jembe begani. Tukatazamana. Masikio yangu haya yaliyosimama, ambayo utotoni niliitwa sungura kwa ajili yake, alikuwa nayo yeye. Paji la uso ni lile lile. Alijua mara moja mimi ni nani, na hakufurahi.

"Kama umekuja kwa habari ya shamba," akasema kabla sijakaa, "lilikwisha gawanywa."

"Shamba ninalo. Lori lile pale ni langu."

"Naliona. Sasa unataka nini?"

"Kuona tu."

"Basi ona. Kuona hakulipiwi."

Mkewe alikuwa na adabu kuliko yeye, akaniletea kibuyu cha maziwa mgando. Akina mama wa kwenye lori walikuwa wameshuka kujinyoosha na walikuwa wamesimama karibu, wakitazama. Nilikunywa, nikafuta midomo, na kwa kuwa kulikuwa na watu wa kunisikiliza, nikasema kwa sauti ya hotuba, "Leo nimefika nyumbani."

Yule mwenye masikio yangu akachukua kibuyu mkononi mwangu. "Nyumbani kwako ni Kisiba," akasema. "Baba alilipa ili jambo liishe. Wewe unakuja kulianza." Akaingia shambani na jembe lake. Shuka nililiacha juu ya kigogo. Sukari nilirudi nayo, maana hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.

Mmoja wa wale akina mama alikuwa ameolewa Kisiba. Sina haja ya kusema zaidi. Sijui lilifikaje, kama lilifika limevaa nguo zake au limeongezewa, lakini neno langu lilinitangulia kufika kwa baba, na mimi nikaenda Mbeya na ndizi bila kujua.

Niliporudi, jua limekwisha kupanda, niliona watu wamesimama mbele ya duka langu. Kwenye nguzo ya baraza alifungwa ng'ombe wa kijivu, yule mkubwa kuliko wote katika banda la baba, na mbele yake majani ya mgomba yamewekwa vizuri. Fundi cherehani alivuka njia, akaja kunipokea. Hakuwa na utani.

"Mzee wako alikuwa hapa," akasema. "Amekuja kwa miguu anamswaga huyu. Nilimpa kiti akakataa. Nilimpa maji akakataa. Alisema hivi, nami nakufikishia kama alivyosema: 'Mwambie mwenye duka, mali yake hii.'"

"Alisema mwanangu?"

"Alisema mwenye duka."

Kwa mtu asiye wa kwetu, huyo ni ng'ombe tu. Mimi nilielewa pale pale. Faini ikirudishwa, hukumu inafunguka. Baba alikuwa ameshika kitu kimoja tu kinachosema mimi ni wake, na alikuwa amekiswaga kutoka Kisiba mpaka Ibighi, kupanda milima yote ile kwa fimbo, ili anifungulie mlango niende ninakotaka. Hakunitukana wala hakunilaani. Alinifungulia tu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni. "Baba wa watoto," akaniambia, "nina swali moja. Ng'ombe walionioa mimi walikuwa watoto wa huyu. Kama huyu ni mali ya Kyimo, mimi nimeolewa na nani? Nifunge mizigo yangu nirudi kwetu, au nipande gari la Kyimo?"

"Acha maneno."

"Maneno aliyaanza nani? Nasikia ulihutubia."

Nikasema tutampakia kwenye lori, nimrudishe. Akasema, "Mzee aje kwa miguu, wewe urudi kwa gari?" Akaingia ndani.

Nikavua koti. Nikamfungua ng'ombe, nikashika njia. Nilimpitisha sokoni, hapakuwa na njia nyingine. Watu waliozoea kuniona juu ya usukani walinisemesha kila upande. "Tajiri, lori limekufa?" "Kupe amempata ng'ombe wake leo." Mwingine akauliza namwuza bei gani. Nikavuta kamba. Sikuwahi kuona njia ile ilivyo ndefu, nilikuwa naijua kwa matairi tu. Kwenye kila mwinuko nilikuwa namwona mzee wa umri ule akiupanda asubuhi ile ile, akisimama kupumua, akimkatia ng'ombe majani asije akafika na njaa kwa mtu asiyejua kulisha.

Alikuwa amekaa uani akisuka kamba. Hakunyanyua uso.

"Ndaga, tata," nikamwamkia.

"Ndaga."

"Nimemrudisha ng'ombe wako."

"Ng'ombe wangu wako ndani. Huyo ni wa Kyimo."

"Kyimo walimtoa zamani."

"Walimtoa, nikampokea kwa ajili ya mtoto. Nimesikia mtoto amefika kwao. Mimi ng'ombe wa watu sili."

"Nilikunywa maziwa tu, tata. Maneno yalinitoka."

"Maziwa hayalevyi. Na pombe hunywi."

Nikatafuta upenyo, kama nilivyozoea kuutafuta kwenye bei. Nikamwambia kesi ile iliamuliwa na machifu, na machifu wamefutwa, kwa hiyo haiwezi kufunguliwa tena na mtu yeyote.

"Serikali iliwafuta machifu," akasema. "Haikunifuta mimi."

Mimi ambaye nimewashinda kwa maneno Wahindi, matrafiki na mabwana wa ushirika, nilisimama na kamba mkononi mbele ya mzee anayesuka kamba. Mwishowe nikasema neno ambalo sikulipanga, kwamba nilikuwa nimesema uongo miaka yote, kwamba mbegu nilipewa. Alisuka kidogo tena. Kisha akasema, "Mwingize, basi. Amechoka. Hana kosa yeye."

Nikamwingiza. Mle ndani mna giza na joto la mifugo, na kila ng'ombe ana mahali pake. Nikamfunga kwenye nguzo ya kwanza niliyoiona wazi. Baba alikuwa amenifuata, akasimama nyuma yangu.

"Hapo si pake."

Nikamhamishia nguzo nyingine.

"Wala hapo." Akanipokonya kamba, si kwa hasira, kama unavyompokonya mgeni kazi asiyoijua. Akamwongoza mpaka karibu kabisa na meko. "Wa kijivu hulala hapa, karibu na moto. Mama yako ndiye aliyewaweka hapa tangu yule wa kwanza. Nikamwacha afanye hivyo."

Alimpokea, kwa hiyo. Kwa sheria yetu mambo yalirudi mahali pake siku ile, na hakuna mtu awezaye kusema mimi si mwana wa baba yangu. Barazani sikutaja ukoo wowote, na fundi cherehani, Mungu amweke, hakuniuliza tena. Watu wa Kisiba wanasema tulipatana.

Lakini siku ile, tulipotoka bandani, baba aliingia ndani akatoka na kiti. Kiti chake mwenyewe, cha mti, cha kukalia wazee wenzake wakija. Akakiweka uani, akasema, "Karibu ukae." Mtoto wa kwetu hakai kitini mbele ya baba yake. Anakaa chini, kwenye jani la mgomba, anatumwa maji, anatumwa moto wa kiko, anagombezwa kwa kuchelewa. Nikamwambia, "Tata, nitakaa hapa chini." Akasema, "Hapana. Umetoka mbali."

Yuko hai bado, na macho yanaanza kumwacha. Kila Jumapili nakwenda, kwa miguu kama mvua imeniachia njia. Hanitumi maji. Hanigombezi. Nikichelewa ananiambia, "Bila shaka kazi ni nyingi." Ananiuliza habari za nyumbani na za watoto, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, na mimi najibu kila moja. Nimewahi kufika na kukaa chini kabla hajaniona. Alipapasa na fimbo mpaka akanigusa bega, akasimama, akaenda mwenyewe kukileta kiti, akakifuta kwa kiganja, akasubiri nikae.